Mama, kwa kaburi ya Baba msiandike dereva

Mama mpendwa,

Mulembe sana Mama, na wote mlio hapo mulembe, Senje dada ya Baba pia kama bado ako na hajarudi kwake. Kadogo wewe ndio utasoma, soma pole pole Mama asikie yote, na ukifika pale nimemtaja ndugu yetu Mkubwa usiruke, nakujua. Nimeamua kuandika kwa sababu nikituma sauti naanza vizuri halafu napandisha, na Mkubwa alisema kwa group ati mimi nikiongea mtu hawezi jua kama nalia ama nagombana.

Kwanza mimi mzima. Lori pia nzima. Saa hii nimeegesha Nebraska, nimebeba nyama ya ng'ombe tani kama 19, kesho kutwa asubuhi iko Chicago Mungu akisaidia. Mama ile lori nyekundu uliona kwa picha, nilimaliza kuilipa mwezi wa tano. Ni yangu sasa. Hakuna mtu ananidai hata taa moja. Magurudumu 18, kitanda ndani, friji ndani, kiti ukikalia kinashuka kama kinapumua, na mlangoni nimeandika LUANDA kwa herufi kubwa nyeupe, hadi kuna Muangola mmoja alinikumbatia pale pa kuweka mafuta akidhani mimi ni wa kwao, sikuwa na roho ya kumwambia hii yangu ni ile ya barabara ya Busia.

Mguu ulipona. Baridi msiulize, ni Julai.

Sasa bajeti. Nimeiona. Shilingi 412,000 kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja, tenti tano, viti 500, tisheti 150 za picha ya Baba (Baba ambaye alivaa shati moja ya kijani miaka kumi), ng'ombe, vyombo vya muziki vya kutoka Kisumu, na hiyo granite ya kaburi. Na mbele ya jina langu 150,000, imeandikwa tu hivyo, hakuna mtu aliniuliza. Mkubwa wewe unafikiri dola bado ni 160 kama ule mwanzo wa 2024, siku hizi ni 129 hivi, hiyo ni kama dola 1,160, na huku dola haziokotwi kwa barabara, na mimi ndio mwenye kujua kwa sababu kwa barabara ndio naishi. Lakini sikatai. Nitatuma. Hata ningeweza kutuma yote peke yangu kama ningetaka, mjue hivyo.

Kitu ilinifanya niweke kijiko chini ni ile picha Kadogo alituma ya maandishi fundi wa mawe amechora. Jina la Baba, 1949 hadi 2024, halafu chini yake, DEREVA WA TRENI, SHUJAA WA RELI.

Mama wewe umeona hiyo? Ama walikuonyesha upande wa picha pekee?

Baba hakuwa dereva. Kila mtu hapo anajua, hata mbwa anajua. Baba alikuwa wa gengi, wale wa kutengeneza njia ya reli. Aliandikwa 1970 hapo Nakuru, bado ni reli ya Afrika Mashariki yote, yeye kijana wa miaka 21 na sanduku la mbao, akakuwa wa gengi, Jumuiya ikavunjika 1977 yeye akiwa kwa gengi, reli ikawa ya Kenya yeye yuko kwa gengi, tukahamishiwa Kisumu 1988 gengi, na walipomfanya nyapara aliendelea kubeba mtaimbo kama wengine mpaka vijana wake wakawa wanamficha. Hakuwahi kushika usukani, na treni yenyewe haina usukani, lakini nendeni mkamwambie huyo fundi wa mawe.

Ile siku ya mazishi mimi nilikuwa nimeegesha mahali kama hapa nikiangalia kwa simu. Ilikuwa usiku huku. Picha inakwama, inaanza, inakwama, nikaona Mama umekalishwa na leso ile ya bluu, ikakwama tena, na iliporudi namsikia Mkubwa anasoma historia ya marehemu, "dereva shupavu aliyeokoa mamia ya abiria usiku wa mafuriko," na watu wanapiga makofi. Nilifunga simu. Mama nisamehe, mazishi ya Baba sikumaliza kuyaona, na si intaneti peke yake, wengine mliambiwa ni intaneti.

Nimenyamaza mwaka mzima. Na sababu ya kunyamaza sasa wacha niitoe, Kadogo hapa usiruke kabisa.

Huo uongo wa dereva si wa Mkubwa. Ni wangu.

1986, Nakuru, niko darasa la nne, siku ya wazazi. Baba za wengine wamekuja na makoti mazuri, kuna mmoja alikuwa karani wa benki amepanga biro tatu kwa mfuko wa shati. Baba akaja na koti lake la mvua la kazi, na ndani ya koti, spana. Mwalimu anaongea mambo ya mitihani na hii 8-4-4 mpya, Baba ameinama chini ya dawati langu anakaza. Akamaliza langu akaenda la jirani, akaenda la nyuma yake, akazunguka darasa nzima, mnakumbuka yale madawati yalicheza kama meno ya mzee. Wazazi wakaanza kugeuka kuangalia ni nani anapiga chuma. Watoto wakacheka mpaka maziwa ya Nyayo yakawatoka kwa pua. Jioni yake mmoja akaniuliza, kwani babako ni fundi wa madawati? Nikasema wewe huna akili, babangu ni dereva wa treni, hiyo spana ni ya injini.

Mkubwa alikuwa hapo karibu, darasa la saba, alisikia. Hakunikana. Usiku tukiwa kitandani akaniambia hiyo umetoa vizuri, na kesho yake akaanza kuitumia kwa darasa lake, na akaongezea honi. Kwa hivyo Mkubwa, mimi sikurukii kama mtu msafi. Tuliibeba pamoja. Wewe uliifikisha tu mbali kuliko mimi, umeifikisha hadi kwa granite.

Wiki mbili baadaye Baba akanipitia shuleni akitoka kazini, vumbi mpaka kwa kope, si mnajua vumbi ya Nakuru. Wavulana watatu wakamkimbilia, mzee, mzee, lini utatubeba na treni yako? Baba akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu. Akawaambia, "Mkipita mtihani." Basi. Tukatembea mpaka kwota hajauliza kitu. Tukala. Hakuuliza. Miaka 38 yule mzee hakuniuliza, na mimi kila nikimpigia simu nilikuwa nasema leo nitasema, halafu naanza kumwambia bei ya tairi.

Ile Jumamosi iliyofuata aliniamsha bado giza, tukafuata reli kwa miguu kutoka stesheni kuelekea upande wa Njoro. Alinipa nyundo ndogo. Akasema gonga, usiangalie, sikiliza. Bolti iliyokaza inalia ting, iliyolegea inatoa sauti kama sufuria imepasuka. Akanionyesha vile mataruma ya chuma yanakaa kwa kokoto, na kwa nini kwa maungio wanaacha kanafasi kadogo, ju chuma ikipigwa na jua inanenepa, usipoiachia nafasi inajipinda kama nyoka na gari inaanguka, na Londiani kwa baridi inarudi inajikunja. Mimi nilikuwa nasikia njaa tu. Mchana treni ya mizigo ikapita, tukasimama kando, Baba akainua bendera ya kijani na dereva akapiga honi ndefu. Nikamuuliza, huyo anakujua? Akasema, "Hapana. Lakini anajua niko."

Hiyo ndiyo kazi yake. Sijui kwa nini inaonekana ndogo kwa watu.

Na hayo ya mamia ya abiria. Mama wewe ulikuwepo, tulikuwa kwota za Kisumu, ni Novemba 1997, ile mvua ya El Niño, Kano yote imekuwa ziwa na watu wa Ahero wamehamia shule. Baba alitoka usiku na taa nyekundu na fataki zake za reli, katikati ya Miwani na Kibos akaona maji yamefika kwa mataruma, na chini haonekani kokoto iko ama imeenda. Akafunga zile fataki kwa reli zilipuke dereva asikie, akasimama na taa, treni ya abiria kutoka Nairobi ikasimama. Hiyo yote kweli. Lakini kulipokucha wakaja na toroli, wakapima, reli ilikuwa nzima. Nzima kabisa! Abiria wamekaa masaa manne kwa maji wanamtukana, mmoja alimrushia ganda la ndizi kwa dirisha. Akaitwa ofisini akaulizwa maswali. Alinihadithia mwenyewe akicheka mpaka akakohoa, na nikamwambia kwa hivyo ulikosea, akasema, "Giza ilikuwa hivi, ningejuaje? Na ikinyesha tena hivyo nasimamisha tena."

Sasa nyinyi mmesema aliokoa mamia. Mimi naona hii ya ganda la ndizi ndiyo kubwa. Mtu kuokoa watu na apigiwe makofi, hata mimi naweza. Kusimamisha treni nzima usiku ju huna uhakika, utukanwe, na kesho jioni uchukue taa urudi huko huko, hiyo mimi siwezi, na Mkubwa hata ukiwa na bunduki huwezi. Na kwa kile kitabu cha mazishi mmeiondoa mkaweka sinema.

Mama pole kama naandika kwa hasira. Nimetoka nje nimenyoosha mgongo, nimerudi. Hapa nilipo si mbali na ule mji wa North Platte, nilipita leo mchana. Kadogo unakumbuka ile video ya 2022? Hapo ndio kuna ile yadi ya treni kubwa kuliko zote duniani, Bailey Yard, urefu maili nane, karibu utoke Kisumu mjini ufike Kisian na ni reli tupu njia yote, na kuna mnara wa orofa nane umejengwa kando watu wanapanda kuangalia. Nililipa nikapanda na buti zangu chafu nikamchukulia Baba video, mabehewa mia na zaidi kwa gari moja, injini mbele na injini nyuma. Nilikuwa naringa, nikasema leo huyu mzee atashangaa. Akaangalia yote kwa simu ya Kadogo, akanyamaza, halafu akauliza, "Ni wangapi wanakaza hizo bolti?"

Nikamwambia Baba huku njia kubwa reli wamezichomelea zikashikana, haina maungio mengi kama yetu. Akanyamaza tena. "Kwa hivyo usiku hakuna mtu anatembea?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza mambo ya ng'ombe.

Hata treni ya abiria iliporudi Kisumu Desemba 2021, baada ya miaka kama kumi reli imelala, si alipanda matatu hapo Luanda na miaka yake 72 akaenda kuiona. Kila mtu stesheni anapiga picha ya mabehewa, yeye Kadogo unasema alikuwa ameinama upande wa pili anaangalia njia. Kilomita 217 kutoka Nakuru mpaka Kisumu wametengeneza upya, akarudi nyumbani akasema kazi si mbaya, kokoto wameweka ya kutosha. Kutoka kwa Baba hiyo ni sifa, mimi kwa lori yote na friji ndani nilipata "ni nzuri."

Mambo ya kanisa. Nimesoma pia hiyo vita kwa group. Senje anataka watu wa Kima, ile misheni ya kwetu, ndio waongoze ibada kwa sababu Kuka, babake Baba, alisomea hapo na ukoo wetu wote ni Church of God tangu ile misheni ifike Bunyore 1905. Mkubwa anataka askofu wa kanisa lake la Nairobi, yule wa viatu. Mama amesema Jeshi la Wokovu, na amesema mara moja tu, na mnafikiri kwa sababu amesema mara moja basi haikuwa na uzito.

Senje nakuheshimu sana, na chapati zako nazikumbuka, lakini hiyo stori unaijua kuliko mimi. Baba alifika Nakuru hajui mtu, Jumapili ya kwanza amekaa kwa kitanda cha kamba hapo landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, akasikia ngoma kubwa inatoka upande wa Bondeni. Akafuata ngoma. Akakuta Jeshi la Wokovu wamesimama kwa duara na bendera yao ya nyekundu, bluu na njano, wanaimba na walevi wanacheza. Hakutoka hapo. Kuka aliposikia alikasirika akatuma barua, umeacha kanisa la babako kwa sababu ya ngoma? Na Baba akajibu kwa barua, ndiyo. Neno moja, na stempu akalipa.

Miaka 54 aliipiga hiyo ngoma. Zile S mbili za kola, mwalimu wake wa Jumapili alimfundisha ni kuokolewa na kutumika, na sisi watoto tukasema ni S ya Stesheni na S ya Spana, Mama ukatupiga. Kisumu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuwa Kodiaga na ngoma, anaimba na wafungwa, akirudi ameacha sweta huko. Siku zote anarudi hana kitu. Mara sweta, mara viatu, na ile sufuria yetu kubwa ya ugali Mama, mpaka leo najua hujamsamehe.

Na mimi pia kuna moja sijamsamehe wacha niseme. 1991, barua ya form one nimepata, karo imewekwa kwa Biblia, na mwenzake wa gengi akafa. Baba akachukua ile karo akampa mjane. Mimi nikaripoti shule wiki tatu wengine wameanza, nikakuta vitanda vya chini vimeisha na hesabu wamefika mbali, na mpaka leo hesabu za herufi mimi hapana. Nilimchukia kabisa. Halafu mwaka jana kwa hiyo simu yangu ya kukwamakwama, nani namwona anatangulia na bendera mbele ya jeneza? Yule kijana wa huyo mjane. Bado naona angetoa sweta tu. Lakini nilimwona.

Jeshi wanasema mtu wao hafi, anapandishwa cheo kuenda utukufuni. Baba alipandishwa mara mbili basi, unyapara na hiyo. Wacheni waliompandisha ndio waongoze kumbukumbu yake, na ngoma ipigwe, si vyombo vya Kisumu. Hapo mmepunguza bajeti tayari. Huku nikiwaambia watu babangu alikuwa Salvation Army wananiuliza duka lipi, huku ni jina la maduka ya mitumba, na Krismasi wanasimama kwa mlango wa supamaketi na kengele na kindoo chekundu. Nilimwambia Baba hiyo ya mitumba akasema, "Basi soko ya Kibuye yote imeokoka." Nilicheka peke yangu kwa lori siku mbili.

Mimi kila Krismasi naweka dola 20 kwa hicho kindoo. Sijui nawawekea ama namwekea nani.

Mwaka huu nilikuwa nataka kuwaambia kitu kwa simu nikashindwa, na hii ni nzuri. Kadi ya kijani imefika, ile ya kuishi huku. Machi. Miaka 17 Mama, imekuja kwa bahasha ya kawaida kama ya bili ya stima, nilikaa nayo kwa usukani nikashindwa kuwasha gari. Ilichelewa miezi saba tu, mtahesabu wenyewe kutoka wapi. Kwa hivyo Mkubwa wacha kuniandikia "njoo Agosti tuone kama wewe ni mtoto wa huyu mzee." Agosti tiketi iko juu na lori ikilala wiki tatu inakula. Nakuja Desemba, mwezi mzima, nitakaa kwa kile kiti cha Baba cha nje hata kama hamtaki. Na nakuja na tairi mbili za pikipiki ya Kadogo. Mama nitataka mrenda na omena, usichinje kuku, kuku huku nimekula mpaka nimekaribia kuota manyoya.

Basi hesabu ni hii. Natuma 150,000 yote, nusu Ijumaa nusu wiki ijayo nikilipwa hii nyama, na inaingia kwa M-Pesa ya Mama, si ya kamati. Mkubwa usikasirike, kamati ni wewe. Tenti mbili zinatosha, tukinyeshewa tunanyeshewa, na kama mnaogopa sana mvua ya tarehe 16 mwende muongee na watu wa Nganyi, wale wa mambo ya mvua, si wako hapo hapo Bunyore, tangu lini Mnyore analipa tenti tano? Tisheti futeni. Hiyo ya tisheti itengeneze ile chemichemi ya chini, Kadogo anasema bomba limeanza kutoa maji kwa kiungo na akina mama wanakinga kwa matope tena. Baba na wale wastaafu wawili wa gengi waliijenga 2006 kwa saruji ya kuombaomba, na kila mwezi alikuwa anashuka kuikaza, na alipokuwa hawezi tena kupanda ule mlima alikuwa anatuma kijana. Mwaka mmoja hayuko na tayari inavuja.

Kwa jiwe andikeni jina, miaka, na NYAPARA WA GENGI, MPIGA NGOMA. Basi. Fundi anachaji kwa herufi, mtaona mmeokoa pesa. Mama kama unataka mstari wa Biblia chagua wewe, mwingine asichague. Na Mkubwa siku hiyo mtu akisimama aseme dereva, wewe ndio umrekebishe, kwa sababu mimi sitakuwa hapo, na kwa sababu wewe una sauti nzuri, hiyo nakupa. Waambie pia ni mdogo wako alianza. Taja jina langu.

Mkipita Nakuru salimieni watu. Mama kunywa dawa ya presha, si kuiweka kwa kabati. Saa yangu ya kulala imefika, hapa sheria wanahesabu masaa ya dereva kwa mashine, huwezi wadanganya.

Kitu ingine Kadogo, nimekumbuka. Hiyo spana iko wapi? Ile ndefu yenye kitambaa cha nyekundu kwa mpini. Kwa video ya mazishi sikuiona kwa vitu vyake, na sitaki kusikia ati imeuzwa na vyuma vikuukuu. Uliza yule kijana aliyekuwa anatumwa chemichemi. Nijibu hiyo kwanza, kabla ya mambo ya ng'ombe.

Mwana wenu wa lori